Usiguse Swichi

Ranfurly, Otago
2 Aprili 2019

Mdogo wangu Lachie,

Salamu kwako na kwa Gwenda, na kwa wale wajukuu wenu ninaowajua kwa picha za kadi ya Krismasi tu. Utashangaa kuona mwandiko wangu mwezi wa nne. Usiogope, sijafa. Simu sikupigi kwa sababu masikio yangu siku hizi yananiachia neno moja katika kila matatu.

Habari za huku si mbaya. Noeline wa nyumba ya pili amewekewa goti la chuma, na bado ndiye anayenikatia kuni na kunisengenya kwa yeyote atakayemsikiliza. Mbwa wake amezeeka kuliko mimi. Jalidi ya kwanza imeanguka juzi. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe hadi barabarani, na bomba la nje limeganda mapema mwaka huu.

Mimi moyo umechoka. Daktari, binti wa miaka thelathini hivi, aliniambia huku ameushika mkono wangu, na mtu akikushika mkono namna ile huna haja ya kusikia maneno. Nikamuuliza, "Nitaiona Krismasi?" Akasema, "Tujitahidi, Bi Netta." Miaka mingi nimewaandikia wazazi ripoti za namna hiyo. "Ajitahidi." Najua maana yake.

Kwa hiyo nakuandikia. Kuna jambo, lakini karatasi imekwisha.

Dada yako,
Netta


Townsville, Queensland
23 Aprili 2019

Dada Netta, Mwalimu Mkuu,

Karatasi imekwisha? Wewe uliyekuwa unaandika barua hadi pembezoni, unazungusha maneno kama kamba?

Pole sana kwa moyo. Gwenda alilia. Mimi nilitoka nje nikaosha gari ambalo lilikuwa safi.

Huku bado joto. Jirani yangu Kev ananiita mchawi. Nakipa kiyoyozi kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, umeme ukiwa ni wa jua la paani kwangu na haunigharimu kitu. Nafunga madirisha, nashusha mapazia. Saa kumi, umeme unapopanda bei, nazima, na nyumba inabaki baridi kama sanduku la samaki mpaka tunalala. Kev anarudi kazini saa kumi na mbili, anawasha chake mji mzima unapowasha, kisha bili ikija anailaani serikali. Namwambia, "Kev, baridi inawekwa akiba kama bia." Hanielewi.

Joto nalo linawekwa akiba, dada. Mtu mwenye moyo mbovu hachochei jiko la kuni alfajiri. Weka hita ya matofali. Huko kwenu umeme wa saa tano usiku hadi saa moja asubuhi ni karibu nusu bei. Matofali ya ndani yananywa joto wewe ukiwa umelala, na mchana kutwa yanalitoa polepole. Huna haja ya kufanya lolote. Nimesema lolote.

Najua sote wawili tunakumbuka nini. Sitaki kukizungumzia. Nataka tu usigande.

Lachie


Ranfurly
14 Mei 2019

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa barua, na msalimie Kev, mtu ninayemwonea huruma. Noeline ameniletea supu ya kondoo na habari za talaka mbili. Mbwa wake sasa analala mlangoni kwangu. Nadhani tunashindana nani atatangulia.

Fundi wako amekuja. Ungenitaarifu. Nilifungua mlango nikaona binti mwenye mkanda wa zana kiunoni.

"Bibi, mimi ni Merania, fundi umeme. Kaka yako amenipigia simu mara tatu toka Australia. Mara ya tatu nilikuwa juu ya paa la mtu."

"Mwambie hukunikuta."

"Bibi, si ndiyo nakuona?"

Akaingia. Unajua mimi sijabadili kitu katika nyumba hii ya mama tangu nistaafu nikaja kuishi humu. Merania alipita sebuleni akigongagonga ukuta kama daktari anayegonga kifua, akafika karibu na dirisha, akapiga mluzi. "Kumbe palikuwa na hita ya usiku hapa! Swichi yake hii, imepakwa rangi mara tatu. Waya upo. Mita ya usiku ipo. Nusu ya kazi imeshafanywa, bibi. Nani aliing'oa?"

"Niliing'olesha mimi."

"Kwani ilikufa?"

Nikamwambia skonzi zangu zinaungua. Akavuta hewa puani, akasema, "Mbona sisikii harufu?" Hakukuwa na skonzi, Lachie. Nilimsindikiza hadi kwenye gari lake na kumshukuru sana.

Kuni zinanitosha. Tuyaache hayo.

Netta


Townsville
1 Juni 2019

Dada,

Wote wazima huku. Merania amenisimulia. Anasema ulimfukuza kwa adabu nyingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kumfukuza.

Kwa nini? Gharama nilisema nitatoa mimi. Nafasi ipo, waya upo. Noeline amemwambia fundi kwamba alikukuta umekaa sakafuni mbele ya jiko, huwezi kuinuka, gogo mkononi. Hilo hukuliandika.

Kama ni kwa sababu ya ile hita niliyomfungia mama, sema. Miaka arobaini na moja nimekaa kimya. Lakini usijiue kwa baridi ili kunikumbusha.

Lachie


Ranfurly
18 Juni 2019

Mdogo wangu Lachie,

Salamu kwenu nyote. Mbwa amekufa. Tumemzika chini ya mwaridi, na Noeline akasema alikuwa na adabu kuliko marehemu mumewe. Nakuandikia nikiwa kitandani, mfuko wa mpira wenye maji moto miguuni, kwa hiyo uuvumilie mwandiko.

Sikuwa nakukumbusha wewe. Sasa nisikilize.

Mwezi wa nane 1978, shule zilipofungwa, nilitoka Dunedin nikaja kumtunza mama. Kifua chake kilikuwa kibaya. Wewe ulikuwa umeshang'oa jiko lake la makaa, ukamfungia ile hita kwa mikono yako, kisha ukarudi kwenye kazi yako ya nguzo za umeme huko milimani. Siku niliyofika ulinipigia simu. Ulisema, "Netta, usiguse swichi. Iache ilivyo, usiku na mchana." Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani ya Kilatini, kalamu nyekundu mkononi. Nikakujibu, "Nimeelewa, Lachie, mimi si mtoto."

Sikuwa nimeelewa. Sikuwa hata nimesikiliza. Nilikuwa na shahada na wewe ulikuwa na koleo, na kichwani mwangu koleo halikuweza kuifundisha shahada.

Unakumbuka baba alivyotulea. Saa tatu usiku mmoja wetu anazunguka nyumba nzima akizima kila kitu ukutani: redio, birika, pasi, taa. "Moto haubishi hodi," alikuwa anasema. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano na bado nazunguka. Kila saa tatu usiku nikazima hita ya mama. Kila saa moja na nusu asubuhi, nikishachemsha chai, nikaiwasha, nikajiona mtu mwangalifu. Saa moja na nusu, Lachie! Umeme wa usiku ulikuwa umeshaondoka. Usiku sita matofali yale hayakupata kitu.

Siku ya pili yalikuwa vuguvugu. Siku ya tatu mama akasema, "Netta, hiki kitu cha Lachie kimepoa." Nikamjibu jibu letu la siku zote la huku: "Vaa sweta nyingine, mama." Kulikuwa na kihita kidogo cha waya kabatini. Sikukitoa, niliona kitapandisha bili. Mama alikuwa na sweta tatu mwilini alipokata roho.

Baada ya mazishi, kwenye ukumbi wa kanisa, watu wakiwa na vikombe vya chai mikononi, nilikuelekezea kidole nikasema hita yako mbovu ndiyo iliyomuua mama. Uliweka kikombe chini, ukatoka, na mwezi haukuisha ukawa Australia.

Wiki mbili baadaye nilimleta fundi mwingine aing'oe. Aliipima, akaniambia, "Haina kasoro hii. Kuna mtu alikuwa anaizima usiku?" Nikasema, "Hapana." Akatazama viatu vyake. Alijua. Na tangu dakika ile mimi pia nilijua. Nimejua kila siku kwa miaka arobaini na moja, nikakuacha uishi na neno lile.

Nimewafundisha wasichana wa watu wasiseme uongo.

Ndiyo maana niliweka jiko la kuni nikakataa hita, na ndiyo maana swichi ile niliipaka rangi. Siombi kitu. Sitaki tu nizikwe na wewe ubaki na hatia ambayo ni yangu.

Netta


Townsville
9 Julai 2019

Netta,

Barua yako imefika. Siwezi kuijibu leo.

L.


Townsville
29 Julai 2019

Dada Netta,

Gwenda anakusalimu. Mjukuu wetu Tamsin amepata leseni ya udereva na tayari amegonga pipa la takataka, la Kev. Kiyoyozi kimelala mwezi huu. Huku ndiyo baridi yetu, na Kev anatembea na kofia ya sufu utadhani yuko Ranfurly.

Nilikukasirikia siku kumi na tisa. Gwenda ndiye aliyezihesabu, kwa sababu sikuwa namaliza chakula. Watoto wangu wamekua hawajui shangazi yao ananukia nini. Hawajui kaburi la bibi yao liko upande gani wa uzio. Nimeyaandika haya usije ukadhani yamepita hivi hivi.

Sasa na mimi nina langu, na sijawahi kumwambia mtu isipokuwa Gwenda, tena mara moja.

Asubuhi ile aliyofariki, nilipofika, kabla hawajamtoa mama, niliweka mkono juu ya hita. Baridi kama jiwe. Swichi imewashwa, fyuzi nzima. Nikaenda kwenye mita ya usiku. Mama alikuwa ananisomea namba yake kwenye simu kila Jumapili, ilikuwa kama mchezo wetu. Tangu Jumapili ya mwisho namba ilikuwa imesogea usiku mmoja tu. Nikajua palepale kwamba kuna mtu anaizima usiku. Na nikajua ni nani. Nilijua ni mama.

Maana Jumapili hiyo ya mwisho, siku moja kabla hujafika, nilimtania. Nilimwambia, "Mama, hicho kidude usiku kinakula kama fahali, angalia kisikumalizie pensheni." Alicheka, halafu akanyamaza kidogo. Kule kunyamaza kwake nimekusikia kwenye kila simu niliyopokea tangu siku ile. Nilidhani nimemtia hofu ya bili, akawa anajiburuta toka kitandani kuizima, kwa sababu ya mdomo wangu. Uliponielekezea kidole ukumbini niliona nastahili, nikatoka. Nilidhani mama alikuambia juu ya utani wangu.

Utaniuliza mbona sikuwaza ni wewe. Ulisema umeelewa, Netta. Wewe ulikuwa unaelewa kila kitu. Jambo hilo halikuingia kichwani mwangu hata kidogo.

Basi umeniandikia kurasa nne, na mimi nimekwama kwenye mstari mmoja. "Netta, hiki kitu cha Lachie kimepoa." Nimempa Gwenda ausome kwa sauti. Nimempa asome tena. Mtu aliyekizima mwenyewe hasemi hivyo. Mama hakuwa anaogopa bili. Alikuwa analitegemea joto lile, anauliza limekwenda wapi. Alicheka kwa sababu utani ulimchekesha, akanyamaza labda kwa sababu alikuwa anatafuta miwani yake.

Nilikwenda gereji nikalia mpaka Gwenda akaja na taulo la jikoni. "Unalia nini sasa?" akaniuliza. Nikamwambia, "Hakuizima." Akaniambia, "Basi mshukuru dada yako, kisha umtukane kidogo."

Ahsante, Netta. Na wewe ni punda wa shahada.

Msamaha unao. Lakini una sharti, na usinijibu kwa skonzi. Mwite Merania aiweke hita palepale, kwenye swichi ileile. Akikueleza, weka kalamu chini. Kuuliza si ujinga, Mwalimu Mkuu. Nimekata tiketi, natua Dunedin tarehe kumi Septemba. Sitalala kwenye nyumba yenye baridi.

Lachie


Ranfurly
25 Agosti 2019

Lachie wangu,

Salamu kwako, kwa Gwenda mwenye busara, kwa Tamsin na kwa pipa la Kev. Noeline amepata mbwa mwingine. Amemwita Askofu, kwa sababu akianza kubweka hajui kumaliza.

Barua yako niliisomea mlangoni nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kwenye ngazi. Noeline akaja mbio na goti lake. "Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimetuliwa mzigo."

"Basi tuliwa ndani, utaganda."

Nimeisoma barua ile kila siku. Nilikuwa najiandaa kwa kila jibu, hata kwa kukosa jibu, ila hilo la kwako sikuliwaza. Wewe ulimbebesha mama jambo ambalo hakulifanya, mimi nikakubebesha wewe la kwangu, na yeye alikuwa anataka joto tu.

Merania alirudi. "Kaka yako kanipigia tena, bibi. Safari hii nilikuwa bafuni." Alikwangua swichi kwa kisu: nyeupe, kisha krimu, kisha kijani, na chini kabisa ile rangi ya kahawia uliyoiacha wewe. Waya alibadilisha, akasema ni mzee kama aliyeufunga. Matofali aliyaingiza moja moja, mazito, meusi, kama mikate iliyosahauliwa. Mimi nilikaa kitini na daftari, na nilimuuliza. Nilimuuliza kila kitu mara mbili.

"Kwa hiyo nikiizima saa tatu usiku?"

"Ukiizima usiku, bibi, umenunua kabati."

"Na nikiiwasha asubuhi?"

"Umewasha kabati."

Nimeandika hivyo hivyo. Amepiga hesabu, anasema nitalipa pungufu ya nilivyokuwa nalipia kuni, na kuni zilizobaki nimempa Noeline, ambaye sasa anatangaza kila mahali kwamba nimeokoka.

Usiku wa kwanza, saa tatu, nilizunguka na fimbo yangu. Nilizima redio. Nilizima birika. Nilizima taa ya ukumbini. Nilipofika kwenye swichi ya mama, mkono uliinuka wenyewe. Malezi ya baba yamo kwenye mkono ule. Nikausimamisha hewani. Nikautia mfukoni mwa sweta, nikaenda kulala, na sikuamka hadi kukapambazuka.

Nje kulikuwa kweupe hadi milimani. Niliingia sebuleni bila viatu, jambo ambalo sijalifanya mwezi wa nane tangu nizaliwe. Niliweka kiganja juu ya hita. Nikasema kwa sauti, na hata mimi nilijisikia, "Mama, kitu cha Lachie kimepata moto."

Daktari alikuja jana, akavua koti, kisha akavua sweta. Akanisikiliza moyo, akasema tujitahidi. Nikamwambia mimi tarehe kumi Septemba inanitosha, zaidi ya hapo ni bakshishi. Kitanda chako ni kile cha dirishani. Njoo na shati jepesi.

Dada yako, ambaye huu ni usiku wa tano hajazima,
Netta